Salfa ilivyosingiziwa: kisa cha jicho la mbwa wa shamba la korosho, Mtwara

Usuli

Kisa hiki kimetokea kwenye kijiji kimoja juu ya uwanda wa Makonde, mkoa wa Mtwara. Majina na vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa au kuvibadilisha, mbwa tumwite Bobi. Nakiandika zaidi kwa maafisa mifugo wenzangu wa vijijini na kwa vijana wanaouza kwenye maduka ya dawa, ila hata kama we unafuga tu mbwa wa kulinda nyumba au paka wa kukamata panya humu utapata kitu.

Bobi ni dume, mbwa wetu hawa wa kienyeji, miaka 4 hivi kwa kuangalia meno na kwa maelezo ya mwenyewe, kilo 18. Usiku analinda nyumba, mchana anamfuata mzee shambani. Chanjo ya kichaa anayo, kupe nao anao wa kutosha, hajawahi kuugua macho.

Ilikuwa mwezi wa 7. Kwa wasioijua kusini, mvua zikishakata mikorosho inaanza kutoa machipukizi na maua, na ubwiriunga (ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) nao unaingia hapohapo, kwahiyo kuanzia mwezi wa 6 hivi watu wanaamka alfajiri na mashine mgongoni wanapuliza salfa ya unga kabla umande haujakauka na upepo haujaanza kusumbua. Lile vumbi linawasha macho kweli, mtu anayepuliza bila miwani anarudi nyumbani macho mekundu kabisa na mnyama aliyekuwa chini ya mkorosho naye hivyohivyo. Matokeo yake ni kwamba msimu ule jicho lolote likiwa jekundu jibu linakuwepo kabla hata ya swali, watu wanakwambia ni salfa na maongezi yanaishia hapo.

Sasa miezi hiyohiyo ndo nyasi za porini zinakauka na kumwaga mbegu. Hili lishikeni, tutalirudia.

Mambo yalivyokwenda kabla hajaletwa

Siku ya kwanza Bobi amerudi shambani jioni anafinya jicho la kushoto, chozi linatiririka, kila saa anajikuna na mguu wa mbele. Asubuhi yake walikuwa wamepuliza. Mzee akamwosha uso na kikombe kimoja cha maji, na msimlaumu kwa hicho kikombe, kule juu kiangazi maji ni ya kununua kwa dumu na mtu anayapigia hesabu kwanza ya kunywa na kupikia.

Kesho yake jicho limevimba. Mjukuu wake, kijana wa sekondari, akatumwa duka la dawa akasema wanataka dawa ya macho ya mbwa, salfa imemwingia. Akapewa kichupa cha matone yenye deksamethasoni (steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) na neomaisini (dawa ya bakteria) ndani yake. Hakuna aliyemuuliza jicho likoje, ni moja au yote mawili, linaona au halioni. Hata angeuliza sidhani kama ingebadilisha kitu maana lile jicho lilikuwa kijijini na muuzaji alikuwa dukani, ila kitendo cha kutoa dawa yenye steroidi kwa jicho ambalo hujaliona ndo mwanzo wa balaa lote linalofuata.

Hapa kuna jambo linalopoteza watu wengi. Siku ya 4 jicho lilionekana limepata nafuu! Wekundu umepungua, mbwa analifungua nusu, nyumba nzima imefurahi na dawa ikaongezwa badala ya kupunguzwa. Alaf kulikuwa na mtoto wa paka pale nyumbani mwenye tongotongo na mafua, basi na yeye akadondoshewa kutoka kichupa kilekile.

Siku ya 6 jicho la Bobi likawa la bluu, baada ya hapo likawa jeupe katikati. Siku ya 8 usaha wa kijani, chakula hataki, anajificha uvunguni mwa kitanda cha kamba kukwepa mwanga. Siku ya 9 akapakiwa kwenye bodaboda ndani ya tenga wakaja naye.

Alipofika: tulichokikuta

"Shikamoo mzee."
"Marahaba dokta. Nimekuletea huyu bwana, salfa imemla jicho."

Nikaanza na jicho la kulia, lile zima, na huwa nafanya hivyo kwa kila mgonjwa wa macho maana ukishamuumiza lile bovu hakuruhusu tena kugusa jingine. La kulia lilikuwa na wekundu kidogo tu, kioo chake (ile ngozi angavu ya mbele ya jicho) kinang'aa, machozi kwa ile karatasi ya kupimia milimita 18 kwa dakika moja (mbwa mzima anatakiwa afike 15 kwenda juu). Kipimo cha machozi kinafanyika kabla hujadondosha chochote, ukishaweka tone la ganzi au maji ya chumvi umeshakiharibu.

Basi hapo salfa ikaanza kutia shaka. Wingu la vumbi halichagui jicho. Kama salfa ndo ingekuwa mwenye kosa peke yake ningetegemea macho yote mawili yaumie kwa kukaribiana, sio moja lioze na jingine liwe jekundu kidogo tu. Jicho moja linaniambia nitafute kitu kilichoingia upande ule, au kucha, au mwiba, au pigo.

La kushoto sasa. Nilimwomba mjukuu amshike kifua na sio shingo, na mdomo tukaufunga kwa kipande cha kanga bila kukaza sana, kwasababu kioo cha jicho kikishakuwa na kidonda kirefu ukikaba shingo presha ndani ya jicho inapanda na linaweza kupasuka mikononi mwako. Kwa sababu hiyohiyo sikumchoma zailazini. Najua ndo sindano ya kutuliza ambayo wengi wetu tunayo kwenye begi, lakini inatapisha mbwa, na mbwa anayetapika anakamua jicho kwa ndani. Tone la ganzi ya macho na sauti ya mjukuu anayemjua vikatosha.

Kioo cha jicho cha mbwa unene wake ni kama nusu milimita na ushee tu. Hapo katikati palikuwa na shimo upana wa milimita 5 hivi, kingo zake zimelainika, zinavutika kama mlenda. Mboni imekaza imekuwa ndogo, na ndani chini kabisa usaha kidogo umetuama. Nikalowesha karatasi ya fluoresini kwa tone la maji ya chumvi ya dripu, nikagusisha pembeni ya jicho, nikaosha, nikazima taa na kumulika na tochi ya bluu. Shimo lote likawaka kijani.

Hii rangi inafanya kazi hivi: ngozi ya juu kabisa ya kioo haiipokei, inateleza tu, ila ngozi hiyo ikichubuka nyama ya chini yake inainywa na inawaka. Ukiona kijani ujue kuna kidonda. Na ukiona duara la kijani lenye katikati peusi pasipowaka usifurahi, maana yake nyama yote imekwisha na kilichobaki ni utando mmoja wa mwisho ambao nao haunywi rangi, jicho hilo liko mbioni kutoboka. La Bobi liliwaka mpaka katikati, kwahiyo nyama ilikuwa bado ipo, nyembamba lakini ipo.

Kisha nikanyanyua kope la tatu, lile linalotoka kona ya ndani. Kwa pamba iliyolowa unalivuta taratibu unaangalia nyuma yake. Palikuwa na mbegu ya nyasi, kavu, ya kahawia, ina mkia wa sentimita 1 hivi na vinywele vilivyoelekea upande mmoja, imelala imetulia kabisa, na kila mbwa akipepesa inapiga msasa palepale. Nikaitoa kwa koleo. Mjukuu akaiangalia akasema, "Hii si ndo inayonasaga kwenye soksi tukienda shule?" Ndo hiyohiyo.

Tulifikiria nini kingine

Jicho jekundu lenye maumivu linaweza kuwa mambo mengi na mbegu yenyewe haitoshi kufunga mjadala, unaweza kukuta mbegu na ugonjwa mwingine juu yake.

Swila alikuja kichwani mapema. Huku kwetu mbwa wanatemewa mate na swila mara kwa mara wakifukua vichuguu na magogo, inakuja ghafla, mara nyingi macho yote mawili, kope zinavimba ndani ya muda mfupi na mbwa anajisugua chini kama mwendawazimu. Dawa yake ya kwanza ni maji mengi, robo saa nzima na zaidi, kama maji hayatoshi hata maziwa yanafaa kusuuzia. Kwa Bobi hakuna aliyeona nyoka na jicho la pili lilikuwa zima.

Ugonjwa wa kupe niliuogopa zaidi. Eliikia inayoletwa na kupe wa kahawia wa mbwa inaweza kuvimbisha jicho kwa ndani, jicho linakuwa na ukungu, mboni inakaza, wakati mwingine damu ndani. Ila hiyo inatoka ndani kwenda nje, kioo hakichimbiki shimo lenye kingo laini namna ile. Sikuifuta kabisa, mtaona kwenye dawa.

Presha ya jicho huwa mboni inapanuka na jicho linakuwa gumu, la Bobi kinyume chake. Macho makavu yanatoa tongotongo zito la kunata na kioo kinapoteza mng'ao, ila kipimo cha la kulia kilikuwa kizuri na la kushoto lilikuwa linalia muda wote. Mtoto wa jicho weupe wake uko nyuma ya mboni, hauumi, mbwa halifinyi jicho, na wala usichanganye na ule ukijivu wa mbwa mzee wa miaka 7 kwenda juu ambao ni lenzi tu inazeeka na mbwa bado anaona.

Kwahiyo: mbegu ilichubua, bakteria wakaingia, steroidi ikazuia kidonda kufunga na ikaupa nafasi ule uyeyukaji wa kioo. Salfa nayo siitoi kabisa maana wekundu wa jicho la kulia nadhani ulikuwa wake, na inawezekana mbwa alijisugua kwenye nyasi kwasababu ya muwasho wa salfa ndo mbegu ikaingia. Hilo hakuna wa kulithibitisha.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza halikuhitaji mjadala, kichupa cha deksamethasoni kiliishia hapohapo. Steroidi inapunguza wekundu na maumivu bila kugusa chanzo, huku inachelewesha ngozi ya kioo kuota na kuviachia huru vimeng'enya vinavyokula nyama ya kioo. Ile nafuu ya siku ya 4 ilikuwa ni hiyo.

La pili lilikuwa ni jicho litolewe au lipiganiwe. Upasuaji mzuri kwa kidonda cha namna hii ni kushusha kipande cha utando mweupe wa jicho na kukishonea juu ya shimo, unahitaji darubini na nyuzi nyembamba kuliko unywele. Hospitali ya wanyama ya chuo kikuu cha Sokoine iko Morogoro, na kutoka uwandani mpaka Morogoro na mbwa mwenye jicho linalotaka kupasuka, kwa nauli ya mkulima wa mwezi wa 7 ambaye hela yote ameshaimwaga kwenye salfa na korosho zinauzwa kuanzia mwezi wa 10, mzee alinitazama tu. Nikamtumia mwenzangu picha kwa WhatsApp, tukakubaliana: siku 2 za dawa kali, jicho likitoboka tunalitoa, likikaza tunaendelea. Mzee aliambiwa hivyohivyo kabla ya tone la kwanza, na alikubali kwa mdomo wake kwamba mbwa anaweza kuwa chongo.

Kulikuwa na wazo la kushona kope la tatu lifunike jicho, wengi tulifundishwa hivyo na kwa vidonda vingine linasaidia. Hapa nilikataa. Kidonda kinachoyeyuka unatakiwa ukione kila siku na dawa ikifikie, ukishakifunika umejifunga macho mwenyewe, siku unafungua unakuta hakuna jicho.

Dawa zenyewe. Siprofloksasini ya matone 0.3%, ile ya watu, kwasababu bakteria wanaoyeyusha kioo, hasa sudomonasi, kloramfenikoli haiwawezi vizuri. Atropini 1% mara 2 kwa siku kufungua mboni na kuondoa ule mkazo wa ndani ambao ndo unaouma zaidi (kwenye presha ya jicho atropini ni marufuku, ndo maana tulihakikisha kwanza). Doksisaiklini ya kumeza kapsuli ya miligramu 100 asubuhi na jioni pamoja na chakula: inatoka kwenye machozi, inasaidia kuzuia ule uyeyukaji, na kama kuna eliikia imejificha nayo inapigwa. Meloksikamu ya maumivu, nusu ya kidonge cha miligramu 7.5 siku ya kwanza alaf robo kwa siku, kwa mbwa wa kilo 18 anayekula. Dawa ya ganzi hawakupewa kwenda nayo hata tone, inazuia kidonda kupona na mbwa asiyesikia maumivu anajikwangua.

Na damu yake mwenyewe. Majimaji ya damu, yale yanayobaki juu damu ikishaganda, yana vitu vinavyozuia vimeng'enya vinavyokula kioo, na hayauzwi popote, mgonjwa anakuja nayo. Nilichukua kwenye mshipa wa mguu wa mbele (shingo tena hapana), kwenye chupa ya kifuniko chekundu isiyo na dawa ndani, nikaiacha isimame mpaka ikagande vizuri. Mashine ya kuzungusha sina hapa, kwahiyo nikangoja zaidi mpaka bonge likajitenga, nikayavuta maji ya njano kwa sindano mpya nikayatia kwenye kichupa safi. Yanakaa kwenye friji, hayaguswi na kidole wala ncha ya kichupa isiguse jicho, na wiki haiishi hujatengeneza mengine, yakiwa na ukungu au harufu yamwage. Tunapishanisha: siprofloksasini, dakika 5, majimaji ya damu. Ukiyadondosha kwa pamoja moja linaliosha jingine.

Kuotesha usaha maabara tujue bakteria gani ingekuwa bora. Hakukuwa na pa kufanyia kwa wakati unaofaa, tukaenda bila.

Yaliyofuata

Siku 2 za mwanzo Bobi alilala kwetu, stoo ya nyuma, anadondoshewa kila saa mchana na kila masaa 2 usiku. Shingoni alivalishwa ndoo ya rangi iliyokatwa kitako na kingo zake zikazungushiwa tambara, maana kola za dukani hatuna na ndoo inafanya kazi ileile. Asubuhi ya pili kingo za kidonda hazikuvutika tena. Shimo lilikuwa palepale, ila limekaza.

Kurudi nyumbani ndo kulikuwa na kazi. Ratiba ya kila masaa 2 kwenye nyumba isiyo na saa ukutani haifuatwi, kwahiyo tuliipachika kwenye swala, baada ya kila swala moja, na moja katikati ya alfajiri na adhuhuri ambako pana pengo refu, na kijana akiamka usiku anamwongezea. Sio ratiba ya kwenye vitabu lakini ilifuatwa, na mi naichukua ratiba inayofuatwa kuliko nzuri inayobaki kwenye karatasi. Majimaji ya damu yakakaa kwenye friji ya muuza juisi wa jirani, tukaandika kwa maka peni DAWA YA JICHO kwasababu siku ya kwanza tu mwenye friji alitaka kuyamwaga.

Jioni hiyohiyo nikapigiwa simu, mbwa anatoa povu mdomoni, watoto wamepanda juu ya meza, jirani mmoja ameshashika panga. Huku Lindi na Mtwara kichaa cha mbwa tunakijua, povu halina utani. Nilipomuuliza kijana povu limeanza saa ngapi akasema mara tu baada ya kumdondoshea ile ya mboni. Atropini ni chungu mno, inashuka kwenye tundu la machozi mpaka puani na kooni na mnyama anatoa mate ya kukataa uchungu. Anapewa maji anywe, dakika chache inaisha, na ukibana kona ya ndani ya jicho kwa kidole dakika moja baada ya kudondosha inapungua sana. Maelezo hayo alipewa mzee, ila aliyekuwa anadondosha ni mjukuu, na jirani mwenye panga hakupewa na yeyote.

Umeme ulikatika siku moja nzima wiki ile, majimaji ya damu yakaharibika, tukatengeneza mengine.

Yule mtoto wa paka

Nilimwomba mzee amlete, maana alikuwa ametiwa dawa ileile. Macho yote mawili tongotongo, anapiga chafya, kope zimevimba. Kwa paka wadogo wenye mafua na macho wanaohusika mara nyingi ni kirusi cha hepesi cha paka au klamidia, kwahiyo hapa jicho mbili haimaanishi vumbi. Fluoresini ikaonesha kwenye jicho moja mistari myembamba yenye matawi, na kwa paka mistari hiyo ndo sahihi ya hepesi. Steroidi kwenye hepesi inampa kirusi uwanja.

Alisafishwa na maji ya chumvi ya uvuguvugu, mafuta ya tetrasaiklini 1% mara 4 kwa siku kuzuia bakteria, na dagaa za kumrudishia hamu ya kula, maana paka asiyesikia harufu hali. Asikloviri ya macho ya watu kirusi cha paka haikijali sana na inataka kupakwa mara nyingi mno kwa siku, na vidonge vyake paka asipewe kabisa, vinaweza kumdhuru vibaya. Alipona.

Matokeo

Ndani ya wiki mishipa midogo ya damu ilianza kuingia kutoka pembeni ya kioo ikielekea kwenye kidonda. Mzee aliona wekundu umerudi akataka kukata tamaa, kumbe ndo uponyaji wenyewe unakuja, mishipa inaleta nyama mpya. Wiki ya 3 fluoresini haikuwaka tena popote. Jicho halikutolewa. Limebaki na baka jeupe katikati, Bobi anaona kwa pembeni, ukimrushia kitu mbele upande wa kushoto anakikosa, akitembea hagongi.

Baka linaweza kupunguzwa kwa steroidi ya matone baada ya kidonda kufunga kabisa, wapo wanaofanya hivyo na hawakosei. Hapa sikuandika. Kichupa kile kingebaki darini, na jicho litakalofuata pale nyumbani, la mbwa au la mtoto, lingedondoshewa hichohicho.

Kilichofanya kazi na kilichokwama

Kilichookoa jicho ni mambo mawili, kusimamisha steroidi na kutoa mbegu. Mengine yote, siprofloksasini na damu na atropini, yangefanyika nyuma ya mbegu iliyobaki yasingefika popote. Mchubuko wa kawaida wa kioo unafunga wenyewe ndani ya siku 3 mpaka 7 ukilindwa dhidi ya bakteria, ukiona wiki imepita haujafunga usibadilishe dawa kwanza, angalia nyuma ya kope la tatu na kwenye kope zote, kuna kitu kinakwaruza.

Kuangalia jicho zima kwanza nako kulisaidia, bila hivyo hadithi ya salfa ingetuburuza na sisi.

Kilichokwama ni pale dukani. Wanaokumbuka mlipuko wa macho mekundu wa mwanzoni mwa 2024 wanajua jinsi watu walivyotia chochote machoni, na vichupa vingi vilivyobaki majumbani bado vipo. Sidai muuza duka apime macho ya mbwa. Nadai asitoe matone yenye deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni kwa jicho ambalo halijapimwa kwa rangi, atoe mafuta ya tetrasaiklini na amwelekeze kwa afisa mifugo siku hiyohiyo. Mafuta hayo hayatatibu kila kitu ila hayatatoboa jicho la mtu.

Siku 9 za kuchelewa nazo ziligharimu. Sehemu kubwa ya hizo ilitokana na ile nafuu ya uongo.

Maji: kikombe kimoja hakioshi jicho. Nimewashauri msimu wa kupuliza wawe na dumu moja la lita 5 la maji safi ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita, ni kwa ajili ya macho tu, ya watu na ya wanyama, na mbwa afungwe nyumbani asubuhi ya salfa.

Kwa maafisa wenzangu, karatasi za fluoresini ombeni idara ya macho ya hospitali iliyo karibu nanyi, ni bei ndogo na wanazo. Usipokuwa nazo na jicho linafinywa, lichukulie lina kidonda mpaka ithibitike vinginevyo na usitie steroidi. Mzee mwenyewe mwezi wa 8 alipiga simu, mbwa wa shemeji yake jicho la kulia linafinywa, anauliza atumie ile siprofloksasini iliyobaki. Nikamwambia kwanza aniletee mbwa, na kichupa kilichofunguliwa zaidi ya mwezi akitupe.